Shemeji Aliyeingia Kwenye Historia

Hii ni wiki ya tatu tangu tumzike dada yangu, na wanaokuja kutupa pole bado wananiuliza alikuwa anafanya kazi gani hasa. Nawaambia alikuwa anajibu maswali. Wanadhani natania.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa: chumba kimoja, meza sita, simu sita, na feni inayozunguka kama imelazimishwa. Kuanzia saa nane mchana wanafunzi wa sekondari walipiga, wakasoma swali la kazi ya nyumbani, naye akawaeleza. Yeye alipewa fasihi. Mwenzake wa historia alipoacha kazi, meneja alisogeza simu yake kwenye meza ya dada, akasema, "Shika na hii kwa muda." Muda huo ukawa miaka miwili. Alirudi nyumbani sauti imekauka, akakaa na viatu miguuni. Nikimwambia, "Dada, chakula," ananijibu, "Rudia swali lako, mwanangu."

Wanafunzi walimwita Bi Majibu.

Siku moja msichana alimuuliza kwa nini mgomo wa makuli, ule ulio kwenye kitabu chao cha historia, ulivunjika. Kwenye sikio la pili mwingine alikuwa akiuliza habari za riwaya ambamo karani anasalitiwa na shemeji yake. Dada, kwa uchovu, akamwambia msichana kwamba mgomo ulivunjika kwa sababu shemeji wa karani aliuza siri kwa wakubwa. Msichana akaandika, akawarushia wenzake kwa simu. Wanafunzi thelathini na moja wakampelekea mwalimu wao yule shemeji.

Mwalimu aliwapa wote sifuri kwa kunakiliana, na alama hizo zilikuwa za kuingia kwenye matokeo ya mwisho wa mwaka. Msichana alipiga tena, analia. "Bi Majibu, si ulisema wewe?"

Dada alimweleza meneja. Meneja akamkatalia katakata. "Sisi hatukosei, mama. Ukienda kukiri huko shuleni, usipande tena ngazi hizi."

Asubuhi yake aliniamsha. "Nisindikize, mdogo wangu. Nimewaponza watoto wa watu." Kifua kilikuwa kimeshaanza kumbana, tulisimama mara nne njiani. Nilikuwa nikimwomba Mungu kimoyomoyo amlainishe mwalimu huyo. Niliomba pia, nakiri, tusimkute.

Tulimkuta, mtu mzima mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi.

"Kwa hiyo huyu shemeji ni wako?" akamuuliza dada, alipokwisha kujitambulisha kuwa ndiye Bi Majibu.

"Ni wangu, mwalimu."

"Nimefundisha mgomo huu miaka ishirini, sijawahi kukutana naye."

"Ametoka kwenye riwaya. Nilichoka, nikamvusha."

Mwalimu alitaka kucheka, akajizuia. "Bado walinakiliana."

"Walinakiliana, na kwa hilo wakatwe alama. Lakini uongo wenyewe niliwapa mimi. Hiyo sifuri ni yangu."

Mwalimu aligeuzageuza chaki mkononi. Mwisho akampa karatasi ayaandike hayo maneno. Dada aliandika taratibu, akatia sahihi, namba yake ya simu na jina lake mwenyewe, la ofisi hakuliweka. Mwalimu akasoma mara mbili. "Watarudia Ijumaa," akasema. "Humu humu darasani, mbele yangu, bila simu."

Habari zilitutangulia ofisini: kikombe cha dada na kamusi yake tulivikuta kwa mlinzi wa duka la dawa, ndani ya mfuko wa plastiki. Ngazi hatukuruhusiwa kupanda. Mimi nilinuna. Nilimwambia amejitafutia, kwamba watoto wale hata jina lake hawalijui. Akanyanyua mfuko wake, tukaondoka.

Jumamosi asubuhi msichana alituma ujumbe: ishirini na wanane wamefaulu, watatu wamefeli. Dada aliusoma kwa sauti. "Hao watatu wamefeli kwa jasho lao wenyewe," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akavua viatu, akavipanga chini ya kitanda, akasema, "Sasa niache nilale."

Alilala mpaka adhuhuri. Niliingia nimwamshe tusali, nikamtazama anavyopumua taratibu, nikamwacha, nikasali peke yangu pembeni yake. Wakati ule, siku chache kabla kifua hakijamchukua, nilikuwa bado nimemnunia. Mungu anisamehe, nilidhani tunao muda.