Gunia la Magadi Chini ya Kitanda

Siku hiyo tulikuwa watano katika chumba kimoja mtaani Kangemi: nyanya aliyetoka Vihiga, baba mdogo, kaka yangu anayenifuata, kitinda mimba wetu wa miaka minne, na mimi kifungua mimba, mwenye miaka kumi na minne. Mama tulikuwa tumemzika wiki iliyotangulia. Baba alikuwa amemtangulia kufa.

Haya yalinirudia juzi, nilipoona magadi katika duka moja katikati ya jiji, yamesagwa laini na kutiwa kwenye pakiti kama unga wa keki. Sisi hatukuyajua hivyo. Yetu yalikuwa mabonge ya kijivu yenye mchanga, gunia zima chini ya kitanda. Baba alifanya vibarua huko Ziwa Magadi, na kila alipokuja nyumbani alileta mengine. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka kwa chumvi. Alitusimulia kwamba maji ya ziwa lile ni mekundu, kwamba ukoko wake mweupe hulia chini ya viatu kama glasi inayovunjika, na harufu yake humkaa mtu kooni siku nzima. Mama alivunja kipande kidogo kama punje ya mahindi, akakitia sufuriani, na mrenda ukalainika.

Baba mdogo alikuja na uamuzi wake: kila mtoto kwa jamaa wake. Nikamwambia nimeshaacha shule, nitawalea wenzangu.

"Utawalisha nini, wewe?"

"Ngoja saa sita uone."

Nikainjika maharagwe. Yalikuwa ya zamani, magumu kama changarawe, na mafuta ya taa kwenye stovu yalikuwa yamebaki kidogo. Niliogopa moto utazima kabla hayajaiva. Nikatia kipande cha magadi. Nikaongeza kingine. Cha tatu kilikuwa kikubwa kama yai.

Yaliiva upesi, hilo silikatai. Yalikuwa uji mweusi, unaoteleza, wenye povu. Baba mdogo alionja kijiko kimoja, akatoka nje kutema.

"We msichana, hii ni maharagwe ama sabuni ya kipande? Unataka kutufua matumbo?"

Kaka yangu alicheka, kisha akaniona uso, akainamia sahani yake.

Nyanya alikula sahani yake yote, polepole, huku jasho likimtoka. Akanisogezea sahani. "Niongeze, mama. Mafuta ilikuwa inaisha, eh? Hata mimi ningeogopa."

Kwa sahani hizo mbili za nyanya, baba mdogo alilegeza uamuzi wake: kaka yangu aliachwa nami. Kitinda mimba hakuachwa; angeenda Vihiga na nyanya. "Tumbo la huyu haliwezi hii kitu," baba mdogo alisema, akimvalisha sweta. Mtoto alinishika sketi kwa mikono yote miwili. Nikambandua kidole kimoja kimoja.

"Enda tu. Nikijua kupika vizuri, nitakuja nikuchukue."

Nilijua kupika kabla ya mwaka kuisha. Lakini kulikuwa na kodi, na karo ya kaka, na nguo za watu wa mtaa jirani wa Mountain View za kufua. Chumba kile kimebomolewa, ghorofa imesimama hapo. Nyanya naye hayupo. Kabla hajafa aliniambia kwamba mtoto alikaa mlangoni wiki nyingi, akisimama kila gari lilipopunguza mwendo, hadi siku moja akaacha.

Sasa ni mtu mzima. Nikimpigia simu hunijibu kwa heshima, kama mtu anayezungumza na mgeni. Hajawahi kuniuliza kwa nini sikuja. Na mimi bado sijamwambia.