Brauza Niliyoikataza Kujisasisha

Nilijifunza kompyuta peke yangu, na labda ndiyo maana siamini kitu ambacho sijakikagua mara tatu. Saiba yangu iko mtaa wa Dallas, hapa Embu mjini. Ni chumba kidogo chenye kompyuta moja na printa moja, na kazi inayoniletea wateja wengi ni vijitabu vya mazishi. Ukurasa wa kuvipangia niliuunda mwenyewe ndani ya brauza, ile programu ya kufungulia tovuti. Niliupenda kupita kiasi. Picha na mistari vilikaa pale nilipoviweka.

Asubuhi moja brauza ilijisasisha bila kuniuliza. Mistari ikasogea chini kidogo tu, nami nikachapisha bila kuona. Vijitabu vikapelekwa Kiambere, kwenye mazishi ya mzee mmoja. Kitinda mimba wake ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alifika kwenye orodha ya watoto, akasoma ndugu zake wote, akanyamaza. Mstari wa mwisho, wenye jina lake, ulikuwa umekatika. Dada yake alinipigia simu.

"Kwani wewe umemzika baba pamoja na mtoto wake?"

Siku hiyohiyo nilizima apdeti, brauza isijisasishe tena. Nikabandika karatasi kwenye skrini: USIGUSE. Kwa karibu miaka miwili hakuna kilichosogea, na roho yangu ikatulia.

Kisha akaja mama mmoja kutoka Kibugu na binti yake. Ilikuwa siku yao ya kuchuma chai, lakini alikuwa amemwachia jirani kikapu. Vidole vyake bado vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Binti alikuwa anaomba nafasi ya kusomea uuguzi. Maombi yangefungwa saa kumi na moja jioni hiyo, nao walifika saa tisa.

Tovuti ya chuo ilikataa kufunguka. Iliandika kwamba brauza yangu ni ya zamani mno. Kwenye kompyuta hiyohiyo kulikuwa na kijitabu nilichokuwa nimekipanga nusu, cha familia ambayo ingekuja kukichukua kesho yake asubuhi. Nikisasisha, kingeharibika kama kile cha Kiambere. Basi nikadanganya.

"Mama, mtandao wa chuo umelala."

"Umelala saa tisa mchana? Huo ni mtandao ama ni baba ya huyu?" Akamwonyesha binti kwa kidevu.

Binti alicheka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na saiba nyingine, na ningeweza kuwaelekeza huko, lakini wangefika tu wajue kwamba mtandao wa chuo haujalala. Kwa hiyo niliendelea kubonyeza kitufe kilekile, nikijua hakitafungua kitu, huku mama akikaa kwenye benchi akiwa amefumba macho, akiomba. Aliuombea mtandao wa chuo. Sijawahi kujichukia vile.

Ikakaribia saa kumi. Mama akampigia simu jirani yake mwingine, ambaye binti yake pia alikuwa anaomba nafasi.

"Wao wameingia kwenye tovuti sasa hivi," alisema, akishusha simu.

Binti akainama mbele ya skrini. "Lakini hapa imeandikwa brauza ni ya zamani."

Mama akanigeukia. "Kijana. Kumbe aliyelala ni wewe."

Nilibandua ile karatasi nikaanza kusasisha, na intaneti yangu ikajikokota hadi karibu saa kumi na nusu, mama akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Fomu ilipokelewa zikiwa zimebaki dakika kumi. Alishukuru Mungu kwa sauti. Mimi hakunishukuru, na sikustahili.

Walipoondoka nilifungua kile kijitabu. Mistari ilikuwa imesogea, nikakesha nikiipanga upya.

Mteja akiniuliza kama ni haki brauza kujisasisha bila ruhusa, bado hasira hunipanda. Lakini najua kwamba ningeulizwa, ningekataa kila mara, na binti yule angebaki nyumbani. Sasa sizimi apdeti tena. Kila asubuhi nawasha kompyuta kwa hofu, na kabla ya kuchapisha kijitabu chochote naweka kidole kwenye karatasi ya majina iliyoletwa na familia na kingine kwenye skrini, nahesabu watoto wa marehemu mmoja mmoja hadi wa mwisho. Kisha narudia.