Ukurasa Wenye Kiraka

Mama Gundi alikuwa haipendi televisheni, na hakumficha mtu. Kwenye maktaba alikofanya kazi miaka kumi na tisa, akishona majalada na kubandika kurasa zilizochanika, aliwahi kumwambia mkuu wake uso kwa uso kwamba ile seti iliyowekwa mapokezi inanyonya akili za wasomaji kama kupe. Jina hilo la Mama Gundi alipewa na wenzake, kwa sababu ya vidole vyake ambavyo havikuisha gundi hata siku za mapumziko.

Lakini hayo yalikuwa kabla mtoto wa dada yake hajaingia kwenye ile nyumba.

Ni kile kipindi kinachofungia watu kumi na wawili ndani ya nyumba moja, kamera kila pembe, na watazamaji wanapiga kura kwa simu. Kila Jumapili mwenye kura chache anatoka. Kila mshiriki aliruhusiwa kuingia na kitu kimoja tu cha nyumbani. Wengine walibeba vipodozi, mmoja gitaa. Binti alibeba riwaya nene ambayo mama yake mdogo aliikarabati kwa mkono wake, na ndani yake utepe wa bluu wa kuwekea alama. Basi Mama Gundi alipomwona kwenye kioo cha televisheni amejikunja kitini, kitabu mapajani, wenzake wanagombania sufuria nyuma yake, machozi yalimtoka. Mtu anasoma kwenye televisheni! Kesho yake aliandika mabango, "Mpigie kura anayesoma", akayabandika maktaba nzima hadi mlango wa choo. Watu wakampa binti jina la Profesa, na kura zikamiminika.

Wiki mbili nzima akawa mtu mwingine. Mchana, akila, alisoma riwaya yake ya siku zile, ya mwanamke aliyefungiwa na mumewe ndani ya nyumba yenye dirisha moja. Jioni alikwenda kwa dada yake kutazama kipindi. Hapo ndipo alipoanza kujishtukia. Alipofika sura ya kumi alijikuta anaomba yule mwanamke asitoroke mapema, maana hadithi ingeisha. "We mama una roho mbaya," alijiambia, akakifunga kitabu. Alijipoza kwamba yule ni wa karatasi, hakosi usingizi wala haumwi tumbo. Lakini jioni ileile, majirani wamejazana sebuleni kwa dada, alimsikia mmoja akisema, "Huyu Profesa asitoke kwanza, bado hatujamwona akilia." Sebule nzima ikacheka.

Kwa mara ya kwanza Mama Gundi alimtazama mtoto, si kitabu tu.

Ukurasa wa kushoto ulikuwa unang'aa chini ya taa. Aliujua mng'ao ule. Ulikuwa ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, uliochanika katikati, naye aliutia kiraka cha karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Akakumbuka kwamba jana nao uling'aa. Akafungua simu yake, kwenye picha alizokuwa akizipiga kila jioni kwa majivuno. Siku tisa, kiraka kilekile. Msichana aliyezoea kumaliza kitabu kwa siku tatu hakuwa amefunua ukurasa siku tisa, na macho yake yalikuwa yamekaa mahali pamoja kama ya mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili.

"Dada, huyu mtoto hasomi."

"Si huyo hapo anasoma? Unaanza kuzeeka vibaya, mdogo wangu."

"Amekwama ukurasa mmoja siku tisa. Kumbuka ule mwaka."

Dada akamfinya paja. "Usinitajie hayo mbele za watu."

Ule mwaka binti alikuwa na miaka kumi na minne. Alikaa siku nyingi na kitabu kimoja bila kufunua ukurasa, na nyumba nzima ikamsifu kwa utulivu. Jioni moja alikifunga bila kuweka alama, yeye ambaye hata akiitwa kula lazima aweke alama, akakirudisha vizuri kwenye rafu na kutoka. Walimkuta amekaa katikati ya reli, anangoja treni. Treni siku hiyo ilichelewa, na familia ikaamua kwamba jambo lile halikutokea.

Kesho yake Mama Gundi alipiga simu kituo cha televisheni. Akapokelewa na kijana mchangamfu.

"Mama, ondoa wasiwasi. Tuna kamera ishirini na saba zinamwangalia."

"Mwanangu, sikukuuliza kamera, nimekuuliza daktari."

"Akitaka kutoka atasema mwenyewe. Ama watu waache kumpigia kura."

Basi akaanza kubomoa alichokijenga. Alibandua mabango yake moja moja kwa kisu cha kazi. Aliwafuata wasomaji mezani, akawaambia kwa sauti ya chini kwamba binti ni mgonjwa, wamwonee huruma, wasimpigie. Wasomaji walimwonea huruma kwelikweli. Wakatoka nje wakampigia kura mara tatu tatu, na wakawaambia ndugu zao.

Jumapili, saa kumi na moja jioni, mtangazaji alisoma majina. Profesa alikuwa ameongoza kwa kura ambazo kipindi hakijawahi kuziona. Sebule ililipuka. Dada alipanda juu ya kochi na viatu vyake. Simu ya Mama Gundi ikalia, ujumbe wa mwenzake wa maktaba: "Hongera! Huruma yako imetupatia ushindi."

Kwenye kioo binti alitabasamu, tabasamu zuri, la mtu aliyemaliza kazi. Akakifunga kitabu. Utepe wa bluu ulibaki kwenye mkono wa kiti. Akakiweka kitabu mezani, akakinyoosha kwa vidole viwili kikae sawa na ukingo, akainuka akatoka kwenye picha.

"Mwone anavyofurahi!" dada alipiga kelele. "We mdogo wangu, unakwenda wapi? Hata kipindi hakijaisha!"

Mama Gundi alikuwa anatafuta kiatu chake cha pili katikati ya miguu ya watu wanaocheza. Nyumba ile ilikuwa upande wa pili wa mji. Kamera zote zilikuwa zinaonyesha kiti kitupu.