Taksi Ilipotafutiwa Pua

Juzi, hapa Kolwezi, kwenye barabara ya Musonoi, taksi tuliyopanda ilikohoa ikazimika nyuma ya malori ya madini. Dereva aliinamisha kichwa kwenye usukani. Mwenye gari alishamwambia kuwa ikizimika tena, atampa mtu mwingine aiendeshe.

Kando ya njia palikuwa na fundi. Alitoa filta ya hewa ya injini, akaigonga kwenye goti, likamwagika vumbi jekundu. Kisha akafunga vitambaa viwili vyeupe, kimoja chini mbele ya gari, kingine juu ya paa, akangoja. Niliacha shule kabla hatujafika somo la injini, kwa hiyo nilimuuliza anafanya nini.

"Natafuta fasi, kule gari itapumuliya hewa ya safi, mutoto."

Malori mengine yalipopita, kitambaa cha chini kilikuwa chekundu. Cha juu kilikuwa bado karibu cheupe. Basi akapitisha bomba la plastiki kutoka kwenye injini hadi paani, akaufunika mdomo wa bomba kwa sponji ya godoro ili ichuje vumbi. Injini ikanguruma bila kukohoa. Dereva akaushika mkono wa fundi kwa mikono miwili.

Mama mmoja tuliyepanda naye alijifuta vumbi usoni, akamgeukia fundi. "Sasa gari iko na pua ya muzuri kupita yetu. Na siye, tata?"

Tulicheka. Fundi hakucheka. Alichukua kipande cha mpira, akapiga magoti, akaanza kuziba tundu la sakafu lililoingiza vumbi miguuni pa mama yule.

Wanaosema Kolwezi ni vumbi tupu, nadhani walifunga kitambaa kimoja tu, kile cha chini.