Betri Zilizoota Jua

Leo nimefungua sanduku la kanda, na ile harufu ya plastiki iliyopata joto imenirudisha kwenye sebule yetu Homa Bay siku ya kurekodi wimbo, blanketi zimetundikwa ukutani na kuku wamefukuzwa mbali ili kelele zisiingie.

Asubuhi ya siku hiyo baba alikuwa amerekodi gita peke yake kwa redio yetu ya kanda, betri zikiwa zimechoka. Alipomaliza, nikazianika juu ya bati zipate nguvu. Sasa redio yetu ilikuwa inacheza lile gita, mjomba apige besi juu yake, na redio ya jirani inase vyote viwili. Jirani aliitaka redio yake kabla ya saa saba, asikilize matangazo ya vifo.

Besi ikakataa kabisa kupatana na gita.

"Shemeji, nyuzi zako zimelegea!" baba akafoka.

"Nimezikaza kwa kufuata gita lako hilo hilo!"

"Baba," nikasema, "betri zimeota jua. Kanda inakimbia kuliko asubuhi. Mjomba afuate kanda, asifuate gita."

Wakatazamana. Mjomba akakaza nyuzi kidogo kidogo mpaka besi ikakaa. Nikabonyeza vitufe viwili vya kurekodi kwa pamoja. Jirani alipofika mlangoni alisahau vifo, akacheza.

Katikati ya wimbo, pale ambapo wapiga gita wa kwetu huwataja matajiri na wenye magari, baba aliinamia redio ya jirani akaita jina langu, binti wa miaka tisa, mara tatu.

Nimeiweka kanda hiyo redioni sasa hivi. Alipoita, nimeitika.