Wingu Moja la Vumbi

Harufu ya vumbi la moramu, ule udongo mwekundu wa barabarani, lililochanganyika na moshi wa dizeli hunisimamisha hadi leo. Naweza kuwa mjini, nimechelewa na nina mizigo mikononi, lakini harufu hiyo ikinifikia miguu hugoma yenyewe. Nyumbani kwetu Nyansurura kiangazi kilinukia hivyo. Mwaka ule greda lilikuwa limepita, likafukia mashimo na kusawazisha matuta, na magari yaliyozoea kujikongoja kama ng'ombe mwenye mimba yakaanza kupita yakivuma. Nguo zilizoanikwa uani zilianuliwa zikiwa nyekundu, na uji tuliunywa na mchanga wake. Watu wazima walisifu kwamba sasa mjini Mugumu ni karibu. Sisi watoto tulishangilia pamoja nao bila kujua tunashangilia nini.

Tulikuwa na namna yetu ya kuvuka barabara, na hatukufundishwa na mtu. Hatukutazama magari, tulitazama vumbi. Gari likiwa bado mbali, nyuma ya kilima, wingu jekundu lilipanda angani, nasi tukajua linakuja. Mawingu mawili, magari mawili. Pasipo wingu, barabara ni yetu. Askari wa usalama barabarani alipokuja shuleni kutufundisha kusimama, kutazama kulia, kushoto na kulia tena, nilikariri yote kuliko wenzangu. Mwalimu wa zamu akanivisha kitambaa chekundu mkononi, akasema mimi ndiye kiranja wa barabara. Nilikuwa darasa la tano, na sikumbuki kama nimewahi kuringa vile tena. Hata Ghati, rafiki yangu wa ua kwa ua, ambaye nilikuwa nikigawana naye muhogo mmoja njiani, nilimtaka apange mstari kama wengine. Alinicheka, kisha akapanga.

Siku ya mnada tulichelewa. Kengele ya shule ilikuwa inalia upande wa pili wa barabara, na kule kilimani lilionekana wingu moja tu. Lori la ng'ombe likapita likitutupia changarawe miguuni, nyuma yake dunia yote ikawa nyekundu. Ghati alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Alijifunika pua kwa kola ya sare, akasema, "Bhoke, ngoja kwanza vumbi litulie." Kengele ikalia tena. Nikamjibu kwa sauti ya ukubwa, "Wingu lilikuwa moja na gari limeshapita. Mimi ndiye kiranja. Vuka!" Akavuka. Pikipiki iliyokuwa ikilifuata lile lori ilikuwa ndani ya vumbi hilohilo, haikuwa na wingu lake. Niliisikia kabla sijaiona.

Mzee mmoja aliyekuwa akipeleka mbuzi mnadani alikuja mbio huku akimpigia kelele kijana wa pikipiki, "Mura, umeua mtoto!" Ghati hakufa. Mguu wake wa kushoto ulivunjika mahali pawili, akapakiwa kwenye gari la watu wa mnada kupelekwa hospitali, na kiatu chake kikabaki barabarani. Jioni mama yake alikuja kwetu akiwa na khanga yenye damu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa upole, akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Ilikuwaje?" Nikamwambia, "Alikimbia mwenyewe, mama. Nilimkataza." Maneno yalitoka laini, kana kwamba niliyakariri pamoja na zile kanuni. Akanishika kichwa, akanishukuru kwa kujaribu.

Kesho yake, mstarini, mwalimu alimtaja Ghati kuwa mfano wa mtoto asiyesikia, akanisimamisha mbele nionekane mimi ninayesikia. Natamani niseme kwamba nililia. Sikulia. Nilitazama vidole vyangu vya miguu mpaka wimbo wa taifa ukaisha. Alipotoka hospitali, Ghati hakurudi kwetu. Alipelekwa kwa shangazi yake Morotonga, karibu na Mugumu, ili awe jirani na matibabu, akahamishiwa shule ya huko. Nami nikabaki na kile kiangazi. Wenzangu waliniogopa kwa sababu ya kitambaa, nami niliwaogopa kwa sababu ya uongo, hivyo nilitangulia alfajiri peke yangu na kurudi mwisho peke yangu. Muhogo nilioukata vipande viwili kwa mazoea nilivila vyote. Mama alinihimiza mara nyingi, "Nenda ukamwone mwenzako." Nilisingizia kichwa, nikasingizia kuni, nikasingizia mvua ilipoanza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi halikuniumbua lolote, na hilo ndilo lililokuwa baya. Watu wazima walisema ajali haina kinga, na kila mara niliposikia hivyo nilitaka kupiga kelele. Ile ilikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa kungoja vumbi litulie, na aliyeijua alikuwa Ghati.

Siku hizi mimi ni mtu mzima mwenye watoto. Mwaka jana nilipita Morotonga, nikamkuta Ghati barazani kwake akishona sare za shule, fimbo yake ya kutembelea ikiwa imeegemezwa ukutani. Barabara ya pale ina lami, ina matuta ya kupunguza mwendo, na watoto huvuka kwenye mistari myeupe bila kula vumbi, ingawa kati ya tuta na tuta magari huenda kasi zaidi, na bado nikiwaona wakikimbia husimama kuwatazama mpaka wafike ng'ambo. Nilikaa mkekani, nikamwambia yote: sauti yangu siku ile, uongo niliomwambia mama yake, sifa nilizopewa mstarini. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kufukuzwa.

Ghati alikata uzi kwa meno, akaiweka sare pembeni. "Bhoke, kwani mimi nilikuwa kiziwi?" akasema. "Nilikusikia, na sikumwambia mtu. Nilijua ungekuja. Kila likizo nilikuwa nakaa nje kwa shangazi natazama njia ya Nyansurura. Halafu nikasema, labda hataki rafiki anayechechemea."

Miaka yote ile niliuita upweke wangu adhabu, nikaona nimeibeba vya kutosha. Kumbe nusu ya adhabu hiyo nilikuwa nimempa Ghati, mwenye mguu mmoja mzima, na hakuwa amekosa lolote.