Salamu kwa Nyumba Tupu

Wiki hii niliwafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu fasihi ya Kigothi, ile ya majumba makuukuu, milango inayofunguka yenyewe na wafu wasiotaka kuondoka. Nilijitahidi, ndugu yangu. Nilifunga madirisha, nikashusha sauti, nikasoma polepole. Msichana mmoja akapiga miayo. Nilirudi nyumbani mtaa wa Bulla Pesa nikiwa na hasira kidogo, na nilipotia ufunguo mlangoni nikamkumbuka mwalimu aliyenifundisha mimi mambo hayo, hapa hapa Isiolo.

Alikuwa mgeni kutoka Meru, mwembamba, hakuvua sweta hata jua liwake vipi. Alituchorea ubaoni jumba la mawe, mnara na ukungu. Sisi ukungu hatukuujua, tulijua vumbi. Akauliza kama kwetu kuna nyumba inayoogopwa. Mvulana mmoja wa Biliqo, huko kwa wafugaji, akainua mkono. "Mwalimu, kwetu nyumba ikisumbua, mama anaifungua miti na mikeka, anapakia kwa ngamia, tunahama. Sasa hiyo jini itabaki ikikaa wapi?" Darasa lilicheka mpaka mwalimu mwenyewe akaketi kwa kicheko.

Mimi sikucheka sana. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe na mabati, haikuweza kupakiwa popote. Tena nyanya yangu, aliyenilea, alisalimia kila alipoingia, hata kama ndani hakuna mtu: "Salaam aleikum." Ni desturi yetu Waislamu, na kabla ya siku ile sikuwahi kuiwazia. Baada ya somo niliiwazia kupita kiasi. Alikuwa akimsalimia nani?

Mambo yaliharibika nyanya alipokwenda Biliqo kumtunza shangazi aliyejifungua. Aliniachia unga, majani ya chai, vibuyu vya maziwa nivifukize kwa moshi, na agizo moja: "Ukitoka shule, salimia nyumba. Usiingie kama mbuzi." Nikaitikia. Lakini kila jioni nilisimama mlangoni na mtungi wangu wa maji. Mabati yalikuwa yakipoa baada ya jua la mchana, yakilia ta, ta, kama mtu anayetembea juu yake. Niliogopa kusalimia nisije nikajibiwa. Niliingia kimya, nikapika chai haraka haraka, nikainywa nimeketi kizingitini, miguu nje. Usiku nililala kwa jirani, mama mshonaji. Sijui kama nimewahi kuwa mpweke vile nikiwa mtoto.

Jioni moja jirani akachoka kunitazama. "Wewe, hiyo nyumba imekula nani? Salimia, uingie!" Basi nikafumba macho, nikasema kwa sauti ya kifaranga, "Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam," kukajibiwa ndani.

Mtungi ulibaki pale, maji yakamwagika, nami nilikuwa tayari nimejibanza nyuma ya cherehani ya jirani, naye anacheka mpaka machozi, kwa kuwa alijua. Nyanya akatoka taratibu, bado ana vumbi la lori la mifugo, ameshika mbavu. Alikuwa amerudi mchana, akajilaza. Alipomaliza kunicheka alinimiminia maziwa yenye harufu ya moshi, akasema, "Ukisalimia kwenu ukajibiwa, unakimbia nini? Atakujibu nani kama si mtu wako?"

Maziwa yale siyapati tena. Vibuyu vinaning'inia ukutani, vimekauka, ukivinusa havina kitu. Pale kwa mama mshonaji sasa wanauza simu. Mwalimu alihamishwa, na yule mvulana wa Biliqo sijui alihamia wapi na ngamia wake. Nyanya tulimzika mvua zilipokuwa zimekawia, na jamaa wote waliokuja mazikoni wakarudi Nairobi. Nikabaki na ufunguo.

Wiki hii, siku ile ya somo langu, nilisimama kwenye mlango uleule. Jua lilikuwa linashuka, mabati yanapoa, ta, ta. Nilitoa salamu kwa sauti kubwa, kama alivyoniagiza, kisha nikangoja kidogo kabla ya kuingia. Nilingoja mpaka mabati yakanyamaza.

Wanafunzi wangu nawaambia kinachotisha ni nyumba inayojibu. Sijui nitawaambiaje habari za hii yangu, ninayoisalimia kila jioni na hainijibu.